Vanila: Mmea Ukaao Juu ya Mti Pasipo Kuula

Ninyi mkaao Nizi na vijiji vya kando yake, mwaijua kazi ya dhahabu kuliko watu wengi wa dunia. Dhahabu ya Kilo ilijulikana mwaka 1903, na tangu siku zile ni shida kupata nyumba isiyo na mtu aliyepata kushika sururu au karai. Asubuhi kijana huingia shimoni, na jioni, akibahatika, ana fedha mkononi. Asipobahatika hurudi mikono mitupu, na siku nyingine udongo humwangukia.

Somo hili ni la mmea wa namna nyingine kabisa. Hautoi kitu siku ile ile, wala mwaka ule ule. Tangu kuupanda hata kuuza ni miaka mitatu au minne. Lakini hautaki shimo refu wala nguvu nyingi, na mama mwenye mtoto mgongoni aweza kuutunza nyuma ya nyumba yake. Mmea huo waitwa vanila.

ASILI YAKE

Vanila ilitoka Amerika. Huota yenyewe katika misitu ya joto ya Meksiko na nchi zilizo kusini yake, hata kufika upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Meksiko walitia matunda yake katika kinywaji cha kakao zamani sana, kabla Wahispania hawajafika. Leo harufu yake yatiwa katika keki, chokoleti na manukato.

Watu walipouchukua mmea huu na kuupanda katika nchi nyingine, ulikua vizuri, ukatoa maua, lakini haukuzaa. Walishangaa muda wa miaka mingi. Sababu ni hii: ndani ya ua mna kifuniko kidogo kinachotenga upande wa kiume na upande wa kike, na wadudu wa kwao wanaoweza kukipita hawako huku. Mwaka 1836 mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Charles Morren wa mji wa Liège, alifaulu kuzalisha matunda kwa mkono. Lakini njia tuitumiayo sisi si yake. Ni njia ya mtoto mtumwa asiye na shule, jina lake Edmond Albius, wa kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa chaitwa Réunion. Mwaka 1841, alipokuwa na umri wa miaka 12, alionyesha kwamba kijiti chembamba na kidole gumba vyatosha. Njia yake ilienea kisiwa chote, kisha ikafika Madagaska, nchi inayouza vanila nyingi kuliko zote. Wengine walitajirika. Yeye alipata uhuru utumwa ulipokomeshwa mwaka 1848, akafa maskini mwaka 1880. Basi mtu akikuambia kwamba kazi hii ni ya wenye elimu kubwa, mjibu kwa habari ya Albius.

Kwetu mmea huu si mgeni tena. Ng'ambo ya mto Semliki, katika Bundibugyo ya Uganda, watu huulima, na kwa upande wetu wako wakulima wa Beni na wa Mambasa waupandao kati ya kakao na kahawa.

JE, HUUA MTI?

Swali hili huulizwa kila mahali, na ni swali jema. Mtu aona mmea unapanda mti na kuushika kwa mizizi, akumbuka kirukia, ule mmea mwovu uliao miembe na michungwa, akasema, "Huu nao utanikaushia mti wangu."

Sivyo. Kirukia huingiza mzizi wake ndani ya tawi na kufyonza maji yake. Vanila hushika gamba tu, kama mtu ashikavyo ngazi. Jaribu mwenyewe. Twaa mzizi mmoja mweupe uliogandama mtini, ubandue polepole kwa ukucha, kisha utazame gamba. Hutaona tundu wala jeraha. Mizizi hiyo ya juu yapata unyevu wa hewa, umande na mvua itiririkayo juu ya gamba. Iko pia mizizi mingine iendayo chini, nayo hutambaa juu juu ya udongo kati ya majani yaliyooza, na humo hupata chakula chake. Ndiyo sababu kipande cha vanila chaweza kukaa siku nyingi bila udongo na kisife. Liweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia.

KUITAMBUA VANILA YA KWELI

Hapa angalieni sana, kwa kuwa fedha nyingi hupotea hapa. Katika misitu yetu ya Kongo mna vanila za kienyeji. Ni ndugu za vanila ya Amerika, nazo hupanda miti vile vile, lakini matunda yake hayana thamani kwa wanunuzi. Mtu mdanganyifu, au mtu asiyejua, aweza kukata vipande vyake msituni na kukuuzia. Utatunza miaka mitatu, kisha mnunuzi atacheka.

Vanila ya kweli ina shina la kijani, la mviringo, lenye maji mengi, nene kama kidole. Majani yake ni manene, laini, yang'aayo, marefu kuliko upana wake, yenye ncha, nayo hukaa karibu kabisa na shina, jani moja huku na jingine kule. Mkabala wa kila jani hutoka mzizi mweupe. Ua lake ni la rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, rangi iliyofifia, si ua la kupendeza macho. Ile vanila kubwa ya msitu, kinyume chake, ina majani mapana sana, na ua lake ni kubwa na zuri, lenye mdomo wa rangi ya waridi au ya zambarau. Basi ukionyeshwa ua lenye mdomo mwekundu au wa zambarau, shika fedha zako.

Usiitafute kwa harufu. Jani halinuki kitu, na tunda bichi halinuki vanila hata kidogo. Harufu huja baada ya tunda kuiva na kukaushwa kwa taratibu yake. Wala usipake maji ya shina mwilini, maana huwasha ngozi. Njia iliyo salama kuliko zote ni kununua vipande kwa mkulima ambaye umekwisha kuona matunda yake kwa macho yako.

MAHALI PAKE

Vanila yapenda joto, kama digrii 20 hadi 30, na mvua ya kutosha, na miezi michache mikavu ili itoe maua. Lazima niseme kweli: nchi ya juu ya Djugu si yote inayoifaa. Mtu wa vilima vya Blukwa, ambako usiku ni baridi, asipoteze nguvu zake; viazi vitamfaa zaidi. Hapa Nizi pia usiku wa baridi upo. Tafuta bonde lililojikinga na upepo, nyuma ya migomba, mahali pasipotuama maji, ujaribu mimea 5 au 10 kwanza. Ikikua kwa nguvu mwaka wa kwanza, ongeza. Ikidumaa, umepoteza kidogo tu. Mwenye shamba au ndugu upande wa chini, kuelekea msitu wa Mambasa, huyo ana mahali pema zaidi.

Kwanza panda miti ya kuishikilia, mwaka mmoja kabla ya vanila. Mbono, ule upandwao kuwa uzio, wafaa. Glirisidia yafaa pia. Mti uwe na gamba lisilobanduka, na matawi yaliyo chini ya kimo cha mtu. Mikaratusi haifai kabisa, kwa sababu hubandua gamba lake kila mwaka na kuiangusha vanila pamoja nalo, tena hunywa maji yote ya mahali pale. Kivuli kiwe cha nusu: jua lipenye kama lipenyavyo chini ya migomba isiyosongamana.

KUPANDA

Kata kipande chenye urefu wa meta 1 hadi meta 1 na nusu kutoka mmea wenye afya. Ondoa majani matatu au manne ya chini. Kisha usikipande siku ile. Kitundike kivulini siku 7 hadi 14, mpaka kidonda kikauke na shina linyong'onyee kidogo. Wakulima wa marando ya viazi huona jambo hili ni la ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Chimba mfereji mfupi chini ya mti, wenye kina cha vidole vitatu tu. Laza humo sehemu iliyoondolewa majani, uifunike kwa udongo mweusi wa majani yaliyooza, lakini ncha iliyokatwa iache nje ya udongo. Mimi nilipoanza nilichimba shimo refu kama la mgomba, nikazika ncha, nikamwagilia maji kila jioni kwa bidii nyingi. Vipande vyangu vyote 20 vilioza kabla ya mwezi kwisha. Sehemu ya juu ifunge mtini kwa kamba ya mgomba, pasipo kukaza.

Baada ya hapo jembe lisikaribie. Mizizi iko juu juu, na pigo moja la jembe huikata. Magugu yang'olewe kwa mkono. Tandika majani makavu, nyasi kavu au maganda ya kahawa, na uongeze kila yaozapo. Samadi mbichi huiunguza mizizi. Kuku nao ni maadui wakubwa, maana huchakura matandiko yale wakitafuta wadudu, zungushia matete. Konokono waokotwe asubuhi.

Mmea ukipanda kupita kimo chako, usiuache uende juu. Ushushe, uupitishe juu ya tawi, uning'inie. Sehemu inayoning'inia ndiyo itoayo maua, tena utayafikia bila ngazi.

Ukiona shina au mizizi inakuwa ya hudhurungi na kulainika, ni ugonjwa wa kuoza. Kata juu ya mahali penye ugonjwa, panda sehemu nzima mahali pengine, uchome iliyooza, na upunguze kivuli. Majani yakiwa na mabaka na kukunjamana, ng'oa mmea wote uuchome, wala usikate kipande humo kumpa jirani. Futa panga lako kabla ya kuhamia mmea mwingine.

KUOANISHA UA

Katika mwaka wa tatu, baada ya miezi mikavu, vichala vya maua hutokea. Kila ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku ile ile. Saa sita ya mchana ikipita umechelewa. Kwa hiyo wakati wa maua ni lazima mtu apite shambani kila asubuhi, Jumapili nayo ikiwamo.

Twaa kijiti chembamba kilicholainishwa, au mwiba wa mchungwa uliopunguzwa ukali. Shika ua kwa mkono wa kushoto. Pasua mdomo wa ua kwa kijiti, mpaka uone nguzo ndogo iliyosimama ndani. Juu ya nguzo kuna unga wa manjano uliofungamana. Chini yake kuna kifuniko kama ulimi mdogo. Inua ulimi ule kwa kijiti, kisha kwa kidole gumba usukume unga ugusane na mahali panatapo palipokuwa pamefunikwa. Basi, kazi imekwisha. Mara ya kwanza utaharibu maua kadhaa. Aliyezoea huweza kufanya 1000 na zaidi kwa asubuhi moja, na macho ya vijana na vidole vya akina mama huzoea upesi kuliko mikono ya mchimbaji.

Usioanishe maua yote. Kichala kina maua 15 au 20. Chagua 8 hadi 10, hasa yale yaliyo upande wa chini, ili matunda yaning'inie yamenyooka. Ukizalisha yote, matunda huwa mafupi na mmea huchoka, pengine hufa. Ua lililoshika halianguki. Hunyauka likiwa limebaki juu ya tunda. Lisiloshika huanguka kesho yake au kesho kutwa.

KUNGOJA

Tunda hufikia urefu wake wote kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Hapo ndipo jaribu lianzapo. Ni refu, nene, la kijani, lapendeza, nawe una deni la shule au mtoto mgonjwa. Akaja mtu na pikipiki, akasema, "Nipe sasa, nitakulipa leo." Ukimpa, umemwuzia maji. Harufu huundwa katika miezi ya mwisho, na tunda lapaswa kukaa juu ya mmea miezi 8 hadi 9. Lililochumwa mapema hukauka vibaya, huota ukungu, wala halinuki. Tena bei ya nchi nzima huharibika, kwa maana mnunuzi wa ng'ambo akiisha kupokea mzigo mbaya kutoka Ituri, hatauliza ni nani aliyechuma vibaya. Kule Uganda serikali imefika hata kutangaza siku za kuanza kuvuna, ili watu wasiwahi.

Andika katika daftari siku uliyooanisha maua ya kila mmea. Kisha tazama ncha ya chini ya tunda: ikianza kugeuka manjano, chuma lile moja, uache mengine. Likicheleweshwa sana hupasuka, na bei hupungua.

Mtu huwahi kuchuma si kwa tamaa tu, bali kwa kuogopa wezi. Wakulima wa Madagaska huchoma alama zao kwa pini juu ya tunda lingali bichi, herufi au nukta, na alama hiyo hubaki hata baada ya kukaushwa. Kijiji kikipatana kwamba hakuna tunda litakalonunuliwa bila alama, wala kabla ya siku iliyowekwa na wote, mwizi atakosa pa kuuza. Mkulima mmoja peke yake hawezi jambo hili, hata akilala shambani.

KUKAUSHA AU KUUZA BICHI

Matunda yaliyoiva hutiwa katika maji ya moto ya digrii 63 hadi 65 kwa muda wa dakika 3, kisha yakiwa na moto hufungwa katika bulangeti na kuwekwa sandukuni siku moja au mbili, mpaka yawe ya hudhurungi. Halafu kila siku huanikwa juani saa chache juu ya bulangeti, na kufungwa tena yakiwa na joto, muda wa wiki moja au mbili. Baadaye hukaa kivulini juu ya chanja miezi 2 au 3, na mwisho huwekwa sandukuni miezi mingine. Kilo 5 hadi 7 za matunda mabichi huwa kilo 1 ya makavu. Asiye na kipimajoto asijaribu kwa kukisia. Heri auze mabichi yaliyoiva kwa chama chenye vyombo na mtu aliyefundishwa.

Sasa neno kwa nyumba za wachimbaji. Zebaki ikichomwa ili kutoa dhahabu, moshi wake hauonekani vema, lakini huingia kifuani, ukutani, na katika kila kitu kilichomo. Usikaushe wala kuweka vanila katika nyumba ichomewamo zebaki, wala usitumie karai au sufuria iliyopata kuishika, hata ukiisugua kwa mchanga. Udongo uliooshewa dhahabu usiuweke chini ya mimea. Na kama vanila haipaswi kulala katika nyumba ile, wafikirie watoto walalao humo.

BEI

Bei ya vanila hupanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Mwaka 2003 ilipanda sana, kisha ikaanguka, na wakulima wengi wa Uganda wakang'oa mashamba yao. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila kavu ilikaribia dola 600 katika soko la dunia. Mwaka 2020 serikali ya Madagaska iliweka amri kwamba isiuzwe nje chini ya dola 250. Mwaka 2023 amri iliondolewa, na bei ikaporomoka. Kwa hiyo mtu asikate kahawa yake wala kung'oa mihogo kwa ajili ya vanila. Iwe mimea 30 au 50 kando ya vile mnavyokula. Bei ikiwa mbaya, mnakula. Bei ikiwa njema, mna fedha za shule.

KWA WALE WASIOJUA WATALALA WAPI KESHO

Tangu Desemba 2017 watu wengi wa Djugu wamekimbia vijiji vyao, wengine mara mbili na mara tatu. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema, "Nani atapanda mmea wa miaka mitatu, naye hajui kama atakuwa hapa mwezi ujao?" Sina jibu kubwa, ila nina jibu dogo la mkulima. Kahawa haichukuliki, wala mgomba ulio na mkungu. Vanila yachukulika. Mimea yenu ikiisha kuwa mirefu, gawanyeni vipande kwa ndugu walio Bunia, Mambasa au kwingineko penye joto, ili mbegu yenu isiwe mahali pamoja. Na kama safari ikiwa ya lazima, kata vipande vya urefu wa mkono mmoja na nusu, ondoa majani ya chini, uvizungushe kama kamba na kuvifunga katika gunia kavu au majani ya mgomba. Usivitie katika mfuko wa plastiki, maana huoza. Usivimwagie maji. Vitakaa hivyo wiki mbili vikiwa hai, navyo vikifika vitakuwa tayari kupandwa, kwa kuwa siku zile za kunyong'onyea zimekwisha kupita njiani.